Baada ya operesheni ya mguu: fimbo, magongo au kiti kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu

Mtu akipasuliwa mguu huku kwetu Baraka, kitu cha kwanza ambacho familia inatafuta, hata kabla ya siku ya kutoka hospitali, ni magongo. Mara nyingi yanaazimwa. Jirani alivunjika mwaka jana, amepona, na magongo yake yamesimama nyuma ya mlango. Yanaletwa, mgonjwa anasimamishwa, anaambiwa atembee. Kwa kijana aliyeanguka na pikipiki kwenye barabara ya kupanda Fizi, jambo hilo linaweza kutosha. Ana mguu mmoja mbovu, lakini wa pili ni mzima na mikono yake ina nguvu. Baada ya miezi michache atarudisha magongo kwa mwenyewe na kusema asante.

Makala hii ni kwa ajili ya mtu mwingine. Ni kwa yule ambaye, hata kabla ya kuvunjika, hakuwa na mguu mzima wa kuegemea.

Kuna ugonjwa unaoitwa maltipo sklerosisi. Waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanauandika kwa kifupi SEP, nasi tutatumia jina hilo. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, mishipa ya fahamu imefunikwa na utando unaoitwa mielini, kama vile waya wa umeme unavyofunikwa na plastiki. Katika SEP, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando huo. Ujumbe kutoka ubongo kwenda mguuni unachelewa au unapotea njiani. Miguu inalegea au inakakamaa, nyayo zinakufa ganzi, macho yanaona ukungu, mkojo unakuja ghafula, na uchovu unamwangusha mtu ambaye hajafanya kazi yoyote kubwa. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, na unapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Duniani kuna watu wapatao milioni 2.9 wenye ugonjwa huu, wengi wao katika nchi za baridi zilizo mbali na ikweta. Kwetu unahesabiwa kuwa nadra. Lakini kuuthibitisha kunahitaji mashine ya IRM na daktari wa mishipa ya fahamu, na vitu hivyo havipatikani katika vituo vyetu vya afya. Kwa hiyo wako watu wanaoishi nao bila jina, na jirani anawapa jina lake: wamerogwa, au ni wavivu.

Hata hivyo, mengi tutakayosema yanawahusu pia ndugu wenye magonjwa tunayoyafahamu zaidi. Wako waliopooza kwa polio wakiwa watoto. Wako wenye konzo, ugonjwa wa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, unaopata hasa watu ambao chakula chao hakina samaki wala maharagwe. Konzo ilijulikana kwanza kule Kwango, magharibi mwa nchi, na jina lake kwa Kiyaka linamaanisha miguu iliyofungwa. Imeonekana pia katika Kivu ya Kusini katika miaka hii ya vita. Tofauti yake na SEP ni kubwa, na inagusa moja kwa moja uchaguzi wa kifaa. Mwenye konzo alipatwa mara moja, na miguu yake ya leo ni ile ile ya kesho. Kifaa kinachomfaa asubuhi kinamfaa jioni. Mwenye SEP ana miguu ya asubuhi, miguu ya saa nane mchana, na miguu ya usiku.

Pima katika saa mbaya

Hili ndilo neno kuu ambalo familia inapaswa kulishika: usimchagulie mwenye SEP kifaa kwa kumwangalia anavyotembea saa mbili asubuhi baada ya kulala vizuri. Mwangalie saa nane mchana, wakati joto la ziwa limepanda. Mwangalie baada ya kuoga maji ya moto, au akiwa na homa. Mishipa iliyopoteza mielini inashindwa kupitisha ujumbe pale mwili unapopata joto, hata likiongezeka kidogo tu. Daktari mmoja Mjerumani, Uhthoff, aliliandika jambo hilo tangu mwaka 1890. Baraka iko kando ya Tanganyika, kwenye mita kama 770 hivi juu ya bahari, na wote tunajua mchana wake ulivyo. Mtu anayetembea na fimbo moja asubuhi huko Fizi milimani, kwenye baridi, anaweza kuhitaji magongo mawili akishuka Baraka mchana wa siku hiyo hiyo.

Watu wanaomzunguka hawaelewi hilo. Walimwona asubuhi amesimama, jioni wanamwona amekaa kwenye kiti, wanasema anaigiza. Maneno hayo yanaumiza kuliko jeraha la operesheni, na pia yana hatari. Mgonjwa anaona haya, anaacha kifaa nyumbani ili asisemwe, anaanguka, na mfupa uliofungwa kwa chuma unavunjika mara ya pili.

Swali la kumwuliza mpasuaji

Kabla ya kuondoka hospitali, iwe Baraka, Fizi au Nundu, kuna swali moja ambalo lisiachwe: mguu huu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani, na mpaka lini? Kuna mguu usioruhusiwa kugusa chini kabisa. Kuna unaoruhusiwa kugusa tu, bila kuegemewa. Kuna unaobeba sehemu ya uzito, na kuna ulio huru. Mfupa wa paja au wa muundi unaweza kuhitaji miezi mitatu, minne au zaidi kushikana. Bamba la chuma halikuwekwa ili libebe mtu peke yake, maana likibeba siku nyingi mfupa haujaungana, litapinda au litakatika. Jibu liandikwe kwenye karatasi, kwa maneno ambayo mtu wa nyumbani anaweza kusoma.

Mpasuaji naye aambiwe wazi kwamba mguu wa pili si mzima. Pengine hajui, kwa sababu mgonjwa ameletwa amelala na jeraha ndilo linaloonekana. Akijua, anaweza kubadilisha maagizo yake.

Ikiwa jibu ni kubeba sehemu ya uzito, kwa mfano kilo 15, mtu wa kawaida anajifunza kwa kusikia. Mwenye SEP ambaye nyayo zake zina ganzi hasikii. Basi aletewe mizani ya chini, ile ya kupimia watu kwenye kituo cha afya. Mguu uliopasuliwa uwekwe juu ya mizani, mguu mwingine juu ya tofali la kimo kile kile, mikono ishike magongo, na mgonjwa akanyage polepole huku akitazama mshale mpaka mwili uzoee kilo hizo. Arudie siku kadhaa. Macho yanaufundisha mguu kile ambacho wenyewe hauwezi kuhisi.

Fimbo na magongo

Fimbo ya mkono mmoja inaondoa sehemu ndogo tu ya uzito, kama robo hivi. Haifai kwa mguu uliokatazwa kugusa chini. Ni kifaa cha mwisho wa safari, mfupa ukishashikana. Inashikwa kwa mkono wa upande ulio kinyume na mguu mgonjwa, jambo ambalo wengi wanalifanya kwa upande usio wake. Mguu wa kushoto ukiwa mbovu, fimbo iko mkono wa kuume. Kimo chake kinapimwa mtu akiwa amevaa viatu, mikono imening'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo za wazee wetu za kuchungia ni ndefu kupita hapo. Ni nzuri kwa heshima, ila zinapandisha bega na kuchosha mkono.

Magongo ya kwapani ndiyo tunayoyaona sana, na seremala yeyote wa Baraka anaweza kuyatengeneza kwa mbao ngumu, kavu, zisizo na vifundo. Juu yabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Mpini uwe kwenye kimo cha kifundo cha mkono, kiwiko kikunjwe kidogo. Uzito unabebwa na viganja. Anayening'inia kwa makwapa anabana mshipa wa fahamu unaopita pale, na baada ya wiki chache mkono unalegea kwenye kifundo na kushindwa kujiinua. Kwa mtu ambaye mishipa yake tayari ni dhaifu, hiyo ni hasara ambayo hana pa kuilipia. Magongo ya mkonono, yenye pete inayoshika chini ya kiwiko, yanaondoa hatari hiyo na ni mepesi. Lakini yanadai mikono yenye nguvu na isiyotetemeka. Kwa hiyo jaribu mikono kabla ya kuchagua. Mgonjwa akae kwenye kiti chenye mikono na ajaribu kujiinua kwa viganja mara tano. Akishindwa, au mikono ikianza kutetemeka, magongo peke yake hayatamtosha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi ya wodi nyingi. Mgonjwa aliyekatazwa kukanyaga anafundishwa kuruka kwa mguu mmoja katikati ya magongo mawili. Kijana mzima ataweza. Mwenye SEP asifundishwe hivyo ikiwa ule mguu mmoja nao unakakamaa au unalegea bila taarifa. Kwake, mpaka mpasuaji aruhusu mguu kugusa chini, ni afadhali kiti cha magurudumu, hata kwa wiki nane, kuliko ushujaa wa kuruka. Akisharuhusiwa kukanyaga, atembee kwa hatua nne: gongo la kuume, mguu wa kushoto, gongo la kushoto, mguu wa kuume. Ni polepole, lakini kila wakati ana nukta tatu chini. Kwenye ngazi au kizingiti, mguu wenye nguvu unapanda kwanza, na wakati wa kushuka mguu mgonjwa unatangulia pamoja na magongo.

Usisahau mpira wa chini. Mti mtupu unateleza kwenye sementi yenye maji, na unazama kwenye mchanga wa ufukoni. Kipande cha tairi ya gari iliyochakaa, kilichokatwa kwa upana na kupigwa misumari ambayo vichwa vyake vimezama ndani, kinasaidia mahali pote pawili. Kikaguliwe kila wiki.

Kile kifaa cha miguu minne ambacho mtu anakisukuma mbele yake, tunachokiona katika picha za hospitali za Ulaya, nakitaja kwa ufupi. Kinafaa ndani ya nyumba yenye sakafu laini na milango mipana. Kwenye mteremko wa Fizi au njia yenye mifereji ya mvua, kinageuka kuwa mtego.

Kiti si kushindwa

Watu wengi wanaogopa kiti cha magurudumu kuliko operesheni yenyewe. Wanasema, akikaa hapo hatainuka tena. Kwa mwenye SEP mambo ni kinyume. Nguvu zake za siku ni kama unga kidogo ndani ya mfuko: akizimaliza njiani kwenda sokoni, hana za kupikia watoto. Akienda sokoni kwa kiti, anarudi na nguvu za kusimama na kufanya mazoezi ya kutembea nyumbani, asubuhi, kukiwa na baridi. Mtu anaweza kuwa na fimbo, magongo na kiti, na kuvitumia vyote vitatu ndani ya wiki moja. Hakuna unafiki hapo.

Lakini si kila kiti ni kiti. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo, na shabaha yake ni kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe kwa mwili wake, afundishwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Kiti cha msaada kinacholetwa na wageni mara nyingi ni kile cha kusukumia wagonjwa ndani ya hospitali, chenye magurudumu madogo mbele ambayo yanakwama kwenye mchanga wa kwanza. Kwa njia zetu, kiti kirefu chenye gurudumu moja kubwa mbele kinapita vizuri zaidi. Upana wa kukalia usizidi nyonga kwa zaidi ya kidole kila upande. Miguu ipate pa kukanyaga, na mguu uliopasuliwa, ukihitaji kunyooshwa, uwekewe ubao wenye kitambaa laini.

Trisikli ya kuzungusha kwa mikono tunaiona katika miji yetu, na ndugu wengi waliopooza kwa polio wanaitumia kufanya biashara. Wao mikono yao ni imara kama ya wavuvi. Mwenye SEP ambaye mikono yake inachoka atafika nusu ya njia. Asinunuliwe kabla ya kuijaribu safari nzima, kwenda na kurudi, wakati wa joto.

Na anayekaa asisahau ngozi. Ganzi inaficha maumivu, hivyo kidonda cha makalio au kisigino kinaanza bila mtu kujua na kinaweza kumwua. Godoro dogo la sponji liwekwe chini yake, ajiinue au ainamishwe kila nusu saa, na kila jioni mtu wa nyumbani amwangalie ngozi kwa taa. Alama inayobaki nyekundu au nyeusi baada ya kulala ni onyo.

Njia ya chooni, njia ya kanisani

Familia inafikiri juu ya barabara kubwa. Hatari kubwa iko kati ya kitanda na choo, usiku. Mkojo wa mwenye SEP haungoji, naye anaamka haraka, gizani, mvua imenyesha. Chombo cha mkojo kando ya kitanda si aibu katika miezi hii. Njia ya choo isafishwe mawe, kamba ifungwe kwenye miti miwili ya kando ili ashike, na juu ya shimo liwekwe kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, maana kuchuchumaa na mguu uliotiwa chuma haiwezekani.

Kwa wanaosafiri kwa boti kwenda Kazimia au Kalemie: kupanda kutoka ufukoni kwa magongo, ndani ya maji, kusijaribiwe. Mtu akae kwenye kiti cha plastiki na vijana wawili wambebe. Magongo yake yabaki mikononi mwake, yasitupwe chini ya magunia.

Na kanisani? Mashemasi wapime mlango. Waweke daraja la udongo au la mbao mahali pa ngazi, na nafasi ya kiti ubavuni mwa benchi la mbele, mahali penye upepo, siyo kwenye bati linalochoma. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu imeliweka jambo hilo kuwa haki, lakini kazi ya majembe mawili Jumamosi asubuhi haihitaji kungoja serikali.

Kuna jambo lingine la kanisani ambalo lazima lisemwe. Katika mikutano ya maombi, mgonjwa anaambiwa atupe magongo kama ishara ya imani. Kwa SEP mtego huo ni mkubwa zaidi, kwa sababu kwa wengi ugonjwa huu unashuka wenyewe kwa wiki au miezi kisha unarudi. Mtu anatoa ushuhuda, magongo yanachomwa, na ugonjwa ukirudi anaambiwa amepoteza imani. Mungu anaponya, hatubishani na hilo. Lakini picha ya radio inaonyesha kama mfupa umeshikana, na mchungaji anaweza kuiomba aione kabla ya ushuhuda. Yakobo alibarikiwa na akaondoka akichechemea, na uzeeni Waebrania 11 inamwonyesha akiabudu hali ameegemea fimbo yake. Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme akiwa na miguu yake ile ile. Hakuna aliyemwomba atembee kwanza.

Juu ya kupata vifaa: Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, na Goma kuna Shirika la Umoja, ambavyo vimehudumia walemavu kwa miaka mingi kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Kutoka Baraka mpaka Bukavu ni zaidi ya kilomita 200, na tangu miji hiyo miwili ilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa aondoke tu. Aulize kwanza kwenye hospitali yake kama kuna njia ya kupelekwa. Wakati huo huo seremala wa kwetu, akipewa vipimo vilivyo hapo juu, anaweza kufanya sehemu kubwa. Washirika wanaoweza wakusanye magongo yaliyopona na wenyewe, wayaweke mahali pamoja kanisani, ya vimo mbalimbali, na mtu mmoja ayaandike kwenye daftari.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote. Mwenye SEP aliyekuwa akitembea vizuri na magongo, ghafula miguu ikalegea zaidi, asidhaniwe mara moja kuwa ugonjwa wake umepanda. Apimwe joto. Malaria, jeraha lililoingia usaha, au maambukizo ya mkojo yanapandisha joto la mwili, na joto hilo peke yake linaweza kuiangusha miguu. Ikitibiwa homa, nguvu inaweza kurudi. Wakati wa homa ashuke ngazi moja ya kifaa: aliye na fimbo achukue magongo, aliye na magongo akae kwenye kiti. Na ikiwa muundi umevimba na kuuma upande mmoja, au pumzi inakatika bila sababu, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na hapo hakuna kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.